Kasri Lisilo na Paa

Phineas Simiyu hakuwahi kukusudia kuwa mchoraji, na wote waliobahatika kuona kazi yake wanasema hata hakuwa. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Mkute leo kwenye pakingi ya ile hoteli ya Alexandria ya Amerika, ndani ya koti lake jekundu lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, umuulize habari za ile picha. Atachungulia kama msimamizi yuko mbali, atacheka mpaka ashike magoti, kisha atakueleza jinsi alivyonusurika kukosa mke kwa sababu ya kasri la Uingereza ambalo hajawahi kulikanyaga.

Chanzo kilikuwa baridi. Jumatano moja ya Januari 2006, siku yake ya mapumziko, Phineas alitoka kwenye nyumba yake ya kupanga kule mtaa wa West End kwenda kutafuta unga wa ugali. Basi likakawia. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi, na mtu aliyekulia Kimilili, hata akiishi Amerika miaka tisa, hajifunzi kusimama kwenye theluji kama nguzo. Akaona jengo la jumuiya la mtaa huo liko wazi, akaingia ajipashe joto dakika tano. Mara akatokea mama mmoja Mzungu, nywele nyeupe pe, miwani inaning'inia kifuani. Akamwambia kwamba darasa zima lilikuwa likimsubiri yeye tu, akamtia brashi mkononi.

Wewe ungefanyaje? Phineas alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mtu mzima mwenye mvi haambiwi amekosea, hata akikuita kwa jina la mbuzi. Akaipokea ile brashi kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema asante, akaketi. Hesabu yake ilikuwa akae saa moja halafu apotee kabisa. Lakini wakati wa kuagana yule mama akasema, "Tutaonana Jumatano," na Phineas, mjinga wa adabu, akajibu ndiyo. Jumatano ya pili akaenda asije akamvunja moyo. Ya tatu akaenda kwa sababu alikuwa ameenda ya pili. Ndivyo mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwegesha magari ya watu, alivyojikuta mwanafunzi wa kuchora kwa rangi za maji, katikati ya bibi sita wastaafu na babu mmoja aliyekuja kusinzia.

Tunda la kwanza alilochora lilifanana na figo. La pili lilisifiwa sana na bibi aliyeketi kando yake, ambaye alidhani ni kiatu. Ungefikiri basi angenyenyekea. Wapi! Kufikia Machi kichwa kilikuwa kimevimba hata kofia ya kazi ikawa inambana. Akaanza kuvaa penseli sikioni. Akawa anasimama mbele ya boneti ya gari la mgeni, jicho moja amelifumba, anapima mwanga na kivuli, huku mwenye gari anangoja ufunguo. Gédéon, mwenzake wa pakingini, Mkongomani wa Uvira mwenye ndevu za mvi na ulimi usiolala, alimvumilia wiki mbili tatu, kisha akamwambia, "Ndugu, weye sasa ni artiste, minakubali. Lakini ile Toyota inafunga njia."

Mwezi wa Aprili mwalimu akawapeleka mjini kwenye jumba la sanaa waone kazi ya bwana mmoja wa Uingereza aliyechora mwanzoni mwa miaka ya elfu moja mia nane. Ilikuwa picha ndogo tu, ukubwa wa sinia la chai. Mwamba mrefu juu ya mto, na juu ya mwamba kasri lililobomoka, mnara mmoja umesimama, mwingine umelala, mti umeota kati ya kuta. Ukungu chini, mwanga wa manjano juu, na mtu mmoja mdogo kama punje ya mtama amesimama pembeni mwa mto. Mwalimu akaeleza kwamba wachoraji wa enzi ile walikuwa na ugonjwa wa magofu. Walipenda kuta zilizoanguka, mawingu, mwezi, na mtu aliye peke yake akihuzunika bila kusema anahuzunikia nini.

Phineas hakusikia nusu ya maelezo. Alikuwa ameganda. Ule mwamba, ule ukungu, ule mwanga unaochungulia kwa nyuma, ulikuwa Mlima Elgon asubuhi baada ya mvua ya usiku, anavyouona mtu aliyesimama uani kwao akipiga mswaki. Akajifuta macho kwa kiganja. Bibi mmoja akamuuliza kama yuko sawa, akajibu kwamba ni vumbi. Ndani ya jumba la sanaa la Amerika, ambako hata hewa inapigwa pasi, yeye akaona vumbi.

Na hapa lazima nikwambie jambo, kwa sababu yeye mwenyewe hulipita upesi. Phineas ni mtu wa kuchekesha, lakini ukimuuliza habari za kwao utaona mzaha umekwisha. Alikuja mwaka 1997 kusoma, chuo kikamshinda, karatasi zikaharibika. Mwaka 2001 mama yake akafa, na yeye akawa hana karatasi za kumwezesha kutoka na kurudi. Mama akazikwa bila mwanawe wa kiume. Baba alikuwa ameshatangulia zamani. Nyumbani hapakubaki mtu. Dada yake, Nanjala, alikuwa ameolewa ng'ambo ya pili ya mto, na huyo ndiye ambaye Phineas alimtumia pesa kidogo kila Krismasi na kumpigia simu ya dakika tatu: hamjambo, watoto hawajambo, haya, Mungu awabariki. Nyumba hakuiuliza. Miaka mitano, hakuiuliza hata siku moja. Masika ya 2006 karatasi zake zikanyooka, visingizio vyote vikaisha siku moja, na bado hakukata tiketi. Alisema ana darasa Jumatano.

Darasani mwalimu akawapa postikadi ya lile kasri, kila mmoja alinakili. Bibi zetu walimaliza kwa wiki tatu. Phineas alianza Aprili akamaliza Septemba, karatasi kumi na nne zikiishia kwenye pipa. Rangi za maji hazina huruma. Ukikosea huwezi kufunika juu, kila upuuzi wako unaonekana chini. Mnara wake ulikataa kusimama, ukawa unainama kama mlevi anayetafuta funguo. Lakini ukungu aliupata, na kwa kuwa aliona upande wa kulia pamepwaya, akaongeza kunguru watatu kwa akili yake mwenyewe. Alijipongeza sana kwa wale kunguru.

Sasa tuje kwa Makena. Makena alikuwa Mmeru wa miaka thelathini na minne, mlezi wa wazee majumbani, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Walikutana mwaka 2004, siku alipokuja hotelini kwenye harusi ya rafiki, Phineas akaegesha gari lake kisha akapoteza ufunguo. Waliutafuta saa mbili nzima, wakazungumza, wakachekeana, na mwishowe ufunguo ukapatikana kwenye mfuko wa Phineas mwenyewe. Mpaka leo anaapa kwamba haikuwa mbinu. Miaka miwili baadaye akamwomba amuoe, na Makena akajibu kwa sauti ile ile ambayo huwaambia wazee wake wanywe dawa.

"Mimi nimekubali. Lakini kuna Anti Nkatha. Ndiye alinilea baba alipokufa, ndiye alinileta huku. Akisema hapana, Phin, ni hapana. Sitaolewa nikimkanyaga."

"Hawezi kusema hapana."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Basi nyamaza, nikueleze cha kuleta."

Akamweleza. Siku ya kujitambulisha haina makuu. Anakuja na mzee wa kumsemea, na mkononi ana sukari, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia, na blanketi moja zito kwa sababu Anti ana baridi ya magoti. Basi. Phineas akaandika yote kwenye tikiti ya pakingi. Usiku ule akaikunja ile tikiti, akaitupa. Sukari! Kila mwanamume aliyewahi kuoa kutoka Mombasa mpaka Busia ameleta sukari. Yeye angeleta kitu ambacho hakuna mkwe amewahi kuleta katika historia ya Wameru, na katika hilo, namhakikishia kila mtu, hakukosea.

Mzee wa kumsemea alikuwa Gédéon, kwa sababu ya zile ndevu. Jumamosi moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, wakaingia ndani ya Corolla yake wakashika barabara kuu ya mzunguko kuelekea Lanham. Mkutano ulipangwa asubuhi kwa kuwa Anti Nkatha alikuwa nesi wa shifti ya usiku. Alitoka kazini saa moja, na mchana alitaka kulala. Phineas alikuwa na suti, tai, na picha yake ndani ya fremu, imefungwa kwa leso nyekundu, ameipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kwenye taa Gédéon akafunua pembe ya leso akachungulia.

"Ndugu. Hii nyumba iliungua?"

"Ni sanaa, Gédéon."

"Bon. Minauliza tu. Iliungua, ao walipiga bomu?"

"Endesha gari."

Anti Nkatha alikuwa mfupi, mnene kiasi, kitambaa kichwani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amekaa kwenye kochi na wamama wawili wa kanisani, mmoja kila upande. Makena alileta chai akaketi kwenye kiti cha mbali, mikono magotini. Anti aliwatazama wageni mikononi, akaona kitu kimoja tu kimefungwa kwa leso, akaguna. Labda alidhani ni blanketi.

Gédéon akasimama, akakohoa. "Mama, tunakusalimia. Sisi tulikuya kwa heshima. Tulikuwa tunapita njia, tukaona mu nyumba yako kuna ua. Kijana wetu alilipenda sana."

"Maua hapa ni mengi," Anti akasema. "Mengine ya plastiki. Ni lipi hilo?"

"Ile yenye inaitwa Makena."

Wamama wakacheka, Anti naye akalegeza mdomo kidogo, mambo yakaanza kwenda vizuri. Laiti Phineas angebaki amekaa! Lakini alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo siku nne. Akainuka.

"Anti, wengine huleta sukari," akasema. "Sukari huisha. Mimi nimewaletea kitu cha kudumu. Nimekichora kwa mkono wangu."

Akafunua leso. Makena, aliyekuwa akingoja kuona blanketi, akafunga macho.

Anti akavaa miwani. Akaisogeza picha karibu na dirisha, akaitazama kutoka juu mpaka chini, bila haraka, jinsi nesi anavyosoma faili la mgonjwa.

"Ni nyumba," akasema.

"Ni kasri, Anti. Nyumba ya wafalme."

"Ya wafalme gani?"

Hapo ndipo Mungu alipomfungulia mlango wa kutokea. Angesema tu, ya Waingereza, mambo yangeisha, chai ingenywewa. Lakini msanii ana kidomodomo. Phineas akaweka mkono kifuani akasema, "Anti, nimeichora nikifikiria kwetu."

"Kwenu."

"Kwetu kabisa, Kimilili. Kila nilipogusa karatasi, nilikuwa naona nyumbani."

Anti akarudisha macho kwenye picha. "Paa liko wapi?"

Phineas akatazama. Miezi sita alikuwa ameishi na lile kasri, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. "Halipo, Anti. Lilianguka. Hiyo ndiyo, ee... ndiyo uzuri wake."

"Lilianguka. Na huu mti?"

"Umeota."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani, Anti."

"Hawa ndege?"

"Kunguru." Akatamani kuwameza.

"Mlango siuoni."

"Uko upande wa nyuma," akasema, huku mwenyewe haamini.

"Na watu wanaishi wapi?"

"Humo hakuna watu."

"Woi!" akasema mama wa kulia, akashika shavu.

Jasho jembamba likamtoka Phineas, kwa maana sasa na yeye aliona. Kwao hakuna mtoto asiyejua. Nyumba isiyo na paa, mti umeota sebuleni, majani yamemeza njia, hiyo si nyumba ya mfalme. Ni mahame. Ni boma ambalo wenyewe wamekwisha, meko yamepoa, na wapita njia huzunguka mbali wasiokote hata kuni. Mama yake alikuwa akimvuta mkono kila wakipita penye mahame ya jirani. Na leo yeye amevaa tai, ameyaweka mahame ndani ya fremu, ameyafunga kwa leso, amemletea mama wa watu ambaye anamwomba binti, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe: hapa ndipo kwetu.

"Makena," Anti akasema, "funika hiyo kitu." Kisha akavua miwani akamgeukia Phineas. "Kaka yangu aliniachia mtoto huyu akiwa na miaka kumi na moja. Nimemlea kwa shifti za usiku. Sikumlea ili nimpeleke mahame."

Gédéon akaona mtu wake anazama, akajitosa. "Mama, pardon. Huko Ulaya watu wanapanda ndege, wanaenda kuangalia nyumba sawa hii!"

"Wanaenda kulala humo?"

"Hapana, mama. Wanapiga picha, wanarudia kwao."

"Umesikia? Hata wao wanarudi kwao."

Gédéon akaketi. Makena alikuwa anatazama zulia, na Phineas akaona kidevu chake kinatetemeka. Hofu ikamshika kweli sasa. Mwanamke huyu anampoteza hapa hapa, saa tano na nusu asubuhi, kwa mnara unaoinama na kunguru watatu ambao hakuna aliyemtuma kuwachora. Akafanya lile ambalo mjinga hufanya akikwama, akaongeza ujinga mwingine juu yake.

"Anti, nipe dakika tano. Naweza kuweka moshi."

"Kuweka nini?"

"Moshi, Anti. Kuonyesha kuna watu ndani."

Akapindua fremu, akafungua vishikio vya nyuma, akatoa karatasi. Akaomba maji kwenye kikombe na tishu ya jikoni, akachomoa brashi kutoka mfuko wa ndani wa koti, maana siku hizo alitembea nayo, Mungu amsamehe. Katika rangi za maji hakuna rangi nyeupe ya kupaka, weupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka moshi inabidi urudi nyuma, ulainishe rangi uliyoiweka kwa maji, halafu uinyonye taratibu kwa tishu mpaka karatasi ichungulie. Akapiga magoti mbele ya meza ndogo. Akalowesha, akanyonya, akalowesha, akanyonya. Wamama, pamoja na hasira zao zote, wakainama kutazama. Juu ya mnara uliobomoka ukainuka uzi mwembamba wa moshi, mweupe, umepinda kidogo kwa upepo, moshi wa mtu anayepika. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora, na ndicho pekee kati ya vyote asichokicheka mpaka leo.

Gédéon akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Anti akavaa tena miwani, akauinamia ule moshi. Aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Phineas. Mimi sitaki moshi wa tishu. Nakuuliza kama mzazi. Kwenu, Kimilili, leo jioni hii, kuna moto umewashwa?"

Phineas akafungua mdomo kutafuta mzaha. Maisha yake yote mzaha ulikuwa pale karibu, unachukua tu. Safari hii akakosa.

"Sijui, Anti," akasema, bado amepiga magoti. "Mama alikufa mwaka elfu mbili na moja. Sikwenda kumzika, sikuwa na karatasi. Nyumba ilifungwa. Tangu hapo sijauliza. Karatasi ninazo tangu Mei, na bado sijaenda. Naogopa kuikuta kama hiyo." Akaonyesha picha kwa brashi. "Nadhani ndiyo sababu niliichora. Nadhani kwetu ni mahame kweli, Anti, na mimi ndiye niliyeyafanya. Makena sijamwambia. Nilikuwa namchekesha tu."

Makena alikuwa ameinua macho.

"Kuna nani karibu na hapo?" Anti akauliza.

"Dada yangu, Nanjala. Ameolewa ng'ambo ya mto."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Kwani kwao hawana saa? Huko ni karibu saa moja jioni. Ni saa ya kupika."

Akatoa kadi yake ya kulipia simu za nje kutoka pochini. Tarakimu za siri zilikuwa ndogo kama chawa, akakosea mara mbili. Makena akahama kiti chake akaja kuketi karibu naye, akamsomea moja moja. Anti akaagiza simu iwekwe kwa sauti kubwa. Ikalia, ikalia.

"Nani?"

"Ni mimi, Nanjala."

"Phineas! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona unapiga na si Krismasi? Ngoja, ngoja niepue maharagwe, yataungua." Mfuniko ukagonga sufuria, kuni zikasukumwa. "Haya, sema. Umefukuzwa kazi?"

"Uko wapi?"

"Niko kwa mama. Jumamosi nitakuwa wapi tena?"

Phineas akashika ukingo wa meza. "Unafanya nini kwa mama?"

"Napika! Wewe umelewa? Kila Jumamosi nakuja na watoto tunawasha moto, tunakula hapa, tunalala hapa, kesho tunatokea hapa kwenda kanisani. Nyumba isipoe. Tangu tumzike, Phineas, sijaruka hata wiki moja, isipokuwa ile niliyojifungua."

"Na paa?"

"Paa limefanya nini?"

"Lipo?"

"Lisiwepo liende wapi? Si mabati yako hayo? Zile pesa ulizotuma Krismasi mbili zilizopita, hukujua nilizifanyia nini? Yanang'aa mpaka watu wa ng'ambo wanalalamika."

"Mbona hukuniambia?"

Moto ukasikika ukitatarika.

"Hukuuliza," Nanjala akasema.

Phineas akaweka kipaji cha uso juu ya meza ya watu, karibu na kikombe cha maji machafu ya rangi, akalia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kwa makamasi, mabega yanapanda na kushuka, tai imezama kwenye kikombe, mbele ya mkwe na wamama wawili wa kanisa ambao kufikia Jumapili jioni wangekuwa wamesambaza habari mpaka Baltimore. Makena akamwekea mkono mgongoni, akauacha pale.

Anti Nkatha akaivuta simu kwake. "Habari ya jioni, dada. Mimi ni Nkatha. Huyu ndugu yako amekuja kwangu kumchumbia Makena."

"Makena ni nani?"

"Hajawaambia?"

"Huyo haambii mtu kitu. Hutuma tu."

"Hata huku ni hivyo hivyo," Anti akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Umepika maharagwe na nini?"

"Na mahindi ya hapa hapa uani. Karibu, mama."

"Asante. Nimekaribia."

Ile sauti ya kike ya kwenye kadi ikaingilia kati ikasema imebaki dakika moja. Nanjala akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayekimbiza kuku.

"Na yeye anakuja lini? Muulizeni basi, anakuja lini?"

Wote wakamtazama Phineas. Akainua uso wenye alama ya ukingo wa meza.

"Desemba," akasema.

"Desemba ya mwaka gani?" Nanjala akauliza, na hakuwa anatania.

Anti Nkatha akaiinamia simu ili asikike vizuri.

"Ya mwaka huu, dada," akasema. "Namleta mimi mwenyewe, yeye na Makena. Uwashe moto mkubwa."